Kushika Banda Kabla Baba Hajataja Siku

Nimewakabidhi wasichana wa Buffalo kitenge changu cha protokoli, na magoti yangu yameshukuru kuliko mimi mwenyewe. Nilidhani nitapumzika. Aka! Simu haitulii, na swali ni lile lile: "Mama Riziki, kwa harusi ya banda, mtu ashike banda miezi mingapi kabla?" Mingapi, mingapi! Utafikiri nimekaa na jibu mfukoni nawanyima. Sasa naandika mara moja, msome wote, halafu mniache nilale mchana kama wazee wenzangu. Ila nawaambieni mapema kwamba nina hasira, na hazijapoa tangu miaka ile. Asiyependa kusoma maneno ya mama mwenye hasira ampe mwenzake.

Kwa wasionijua, mimi ni mzaliwa wa Uvira. Kazi ya kupanga harusi niliianzia kambini, Kigoma, ambako nilikaa mpaka ndugu zangu wakaanza kunicheka, eti naongea Kiswahili cha redio. Kule harusi ilikuwa jambo la siku chache. Turubai, mabenchi ya kanisa, sufuria za majirani, basi. Hakuna aliyeshika kitu mapema, yaani kukiwekea nafasi, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kushika.

Tuliletwa Louisville, huku Marekani, mwaka wa 2013. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hotelini, kupanga meza za ukumbi wa sherehe. Siku ya kwanza mkubwa wa zamu alinipa picha ya meza moja yenye uma, visu na glasi, akaniambia zote ziwe hivi, akaenda zake. Picha yenyewe nimeishika kichwa chini miguu juu. Nikapanga ukumbi mzima kinyume, uma wote upande wa visu na visu upande wa uma. Aliporudi alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka. Mtu amekula ugali kwa mkono tangu azaliwe, wewe unamwachia picha na kuondoka, halafu unamcheka? Nilipanga upya peke yangu, na tangu siku ile sijamwachia msichana yeyote picha. Namwonyesha kwa mikono yangu, naye ananionyesha kwa yake.

Aliyenifundisha kazi hasa si mkubwa yule. Ni Mama Odile wa Bukavu, aliyekuwa mkuu wa protokoli wa Wakongo wa Louisville. Protokoli ndio sisi wenye kitenge cha aina moja, tunaopokea wageni, tunaowapa viti, tunaolinda chakula kisiishe kabla ya meza za nyuma, na tunaoshika mkia wa gauni la bibi harusi asikanyagwe na wapambe. Mama Odile alikuwa na mfuko wa kitambaa aliouvaa begani harusi nzima. Ndani yake mlikuwa na uzi mrefu wa fundi mwashi wa kunyooshea safu za meza, pini za kila ukubwa, utepe wa kubandika nyaya za spika chini, na ndala. "Pini ni za bibi harusi," aliniambia, "utepe ni wa watoto wasianguke, ndala ni zako wewe saa mguu ukianza kukutukana." Alinifundisha kuacha viti mbele bila majina, kwa ajili ya shangazi atakayetoka Texas bila kumwambia mtu. Alinifundisha kutomweka mama wa bibi harusi karibu na spika, kwa sababu akiumwa kichwa sherehe nzima inaumwa.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa juu ya siku. Kwetu siku ya harusi haitajwi ovyo. Upande wa kijana wanakuja kwanza kubisha hodi. Baadaye wanarudi kwa dote, yaani mahari, kila upande na msemaji wake, wanabishana kwa utani na kwa ukali. Muda wote huo baba wa binti amekaa kimya kama hayupo. Mwisho wanamgeukia na kumwomba awape siku. Hapo ndipo anasimama mbele ya watu na kuitaja. Kabla ya hapo hakuna siku. "Ukiisikia kabla ya dote," alisema Mama Odile, "ujifanye kiziwi." Louisville jambo hilo halikutusumbua. Baba alitaja siku, sisi tukaenda kuomba ukumbi wa chini ya kanisa, wiki tatu zikitosha.

Mwaka uliofuata binti yangu alipata kazi ya ghala huko Columbus, nikamfuata kumlelea watoto. Huko ndiko nilikokutana na ugonjwa wa banda.

Kwa wale ambao bado hawajaambukizwa, banda ni lile jumba kubwa la mbao ambamo mkulima wa Kimarekani alifuga ng'ombe chini na kuweka majani makavu juu. Sasa ng'ombe wameondoka, sakafu imeoshwa, taa ndogondogo zimening'inizwa, na watu wanaoana humo. Babu zao walihama shambani kwa kuchoka harufu ya ng'ombe, wajukuu wanarudi kuitafuta wakiwa na suti. Haya, ni nchi yao. Lakini watoto wetu nao wakaanza. Wamekua hapa, wameziona picha kwenye simu, unaongea nao Kiswahili wanakujibu Kiingereza, na wote wanataka banda! Mzee mmoja wa Columbus aliniuliza kwa uchungu kabisa, "Mama Riziki, mimi nimehangaika kumtoa mtoto porini, njo aolewe ku nyumba ya ng'ombe?"

Kesi yangu ya kwanza ya banda iliniharibia mwaka. Baba wa binti alisimama kwenye dote, akataja siku ya mwezi wa sita. Tulikuwa tayari kwenye mwezi wa nne! Nilipiga simu kila banda. Mama mmoja aliniuliza kwa adabu, "Mwezi wa sita wa mwaka gani?" Nilidhani ananitania, kumbe anauliza kweli. Nikampata mwisho mkulima ambaye hajawahi kuozesha mtu. Alikuwa mzuri kwa moyo, sitamsema vibaya. Ila ng'ombe wake alikuwa amewasogeza upande wa pili wa ukuta tu. Mvua ikanyesha asubuhi. Akina shangazi wakashuka magarini na magauni yao ya bazini na viatu vya visigino virefu, na visigino vikabaki matopeni. DJ akawasha spika zote kwa pamoja, umeme wa shamba ukakata. Pasta alifungisha ndoa kwa sauti yake mwenyewe huku ng'ombe wakimwitikia nyuma ya mbao. Na lawama zikamwangukia nani? Msichana hakulaumiwa, wala baba yake aliyetaja siku kana kwamba mabanda yanauzwa sokoni. Nililaumiwa mimi. "Mama huyu hajui kazi." Nililia garini.

Baada ya hapo nikatengeneza njia yangu, na hii wasichana muishike. Msichana anaponiambia ana mchumba wa kweli, kijana wa kanisani, wazazi wanajuana, kilichobaki ni wazee kupata nafasi ya kusafiri, mimi sisubiri wazee. Nashika banda kwa jina langu. Wakiniuliza ni sherehe gani, nasema sikukuu ya familia. Si uongo, familia ninayo, na itakuwa sikukuu. Namwambia msichana peke yake. Halafu siku ya dote ikikaribia, dada au shangazi wa nyumbani anamdokeza baba taratibu, kwa njia za nyumbani, kwamba siku fulani hali ya hewa huwa nzuri. Baba anasimama anaitaja kama iliyomjia mwenyewe. Kila mtu anarudi kwake na heshima yake. Njia hii ilinifaa Columbus mara kadhaa bila kelele hata moja.

Kisha nikahamia Buffalo, na huko Tonton Safari akanivunjia kazi yangu kwa sentensi moja.

Nianze na Furaha. Furaha alikuwa msichana wa Riverside, mtaa wa Buffalo, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, mpole, lakini akitaka kitu humtoi kwenye hicho kitu. Mchumba wake, Elie, alikuwa ghalani Columbus na wazee wake wako Louisville. Baba yake ni Papa Gédéon, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, mfugaji kwa kuzaliwa, aliyekuwa akifanya kazi ya kiwanda upande wa North Buffalo. Furaha alikuja kwangu majira ya joto, mwaka mzima na zaidi kabla ya harusi aliyoiwaza. Nikamuuliza, na wewe pia banda? Nilikuwa nimeshachoka na mabanda.

"Si kwa ajili ya picha, Mama Riziki," akanijibu. "Ni kwa Papa. Tukipita barabara ya mashambani, akiona banda anapunguza mwendo. Magari ya nyuma yanapiga honi, yeye anaangalia tu. Hasemi kitu. Mimi milima yetu siijui, nilitoka mgongoni kwa Mama. Nataka siku ya harusi anitoe mahali anapopaangalia."

Nikaenda kusini ya mji na kumpata Bi Dolores, mjane wa Kimarekani mwenye banda jekundu juu ya kilima. Jumamosi zake za majira ya joto zilikuwa zimekwisha zote. Ilibaki moja tu, ya pili ya mwezi wa tisa mwaka unaofuata, kwa sababu waliokuwa nayo walikuwa wamegombana. Nikaishika. Sikukuu ya familia. Bi Dolores alinipa sharti moja, kwamba baada ya Pasaka nimthibitishie, maana wapo wengine wanaoisubiri siku hiyo hiyo. Nikaona muda ni mwingi, wazee watakuwa wameshakaa. Furaha nikamwambia amfiche hata paka.

Lakini mapenzi hayafichi kitu. Furaha alimwambia Elie. Elie naye, ili jamaa zake waombe ruhusa kazini mapema, akamwambia mjomba wake, Tonton Safari. Na Tonton Safari ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wao!

Dote ilifanyika Riverside kabla ya Pasaka, sebuleni kwa Papa Gédéon, viti vya majirani mpaka kwenye ngazi. Mimi niko jikoni na wasichana wangu wa protokoli. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Walitaniana, walibishana juu ya ng'ombe, wakakubaliana. Ikabaki baba aombwe siku. Tonton Safari akasimama, suti imemkaa, ameshiba sifa zake, akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuwaonyesha watu kwamba ukoo wao si wa mchezo.

"Bon, Papa Gédéon," akasema, "sisi hatukukuja kucheza. Donc, mujue tuko serieux. Hata banda tulisha shika! Mwezi wa tisa, samedi ya pili. Batu ba Louisville balisha omba congé ku kazi!"

Akasubiri makofi. Jamani! Mtu mzima na mvi zake!

Papa Gédéon, ambaye alikuwa amekaa kimya tangu mchana, akainua kichwa. "Siku mulishaitaja?" akauliza, polepole. Tonton Safari akaanza kusema hapana, si hivyo, ni maandalizi tu. "Mulishaitaja," akasema Papa Gédéon. "Bon. Basi mumuoze ninyi wenyewe. Mimi sina neno tena hapa." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Wageni wakabaki na sahani mapajani. Furaha, aliyekuwa amekaa na shangazi zake akingoja kuitwa, alisikia kila kitu. Hakupiga kelele. Alikuja jikoni, akaanza kuosha vyombo na nguo zake za dote mwilini, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye sinki.

Wiki iliyofuata ndiyo iliyonijaza nyongo. Ungedhani watamsema Tonton Safari. Wapi! Yeye alirudi Louisville akanyamaza. Kanisani ikavuma kwamba kuna mama mmoja, hatumtaji jina, aliyemuoza mtoto wa watu kabla ya baba yake. Hatumtaji jina, na wote wananitazama. Mama mmoja wa kwaya akaniambia usoni kwamba biashara imenipanda kichwani. Biashara gani? Nimesimama kwenye harusi zao mpaka miguu imevimba, nimeshona magauni yao yakiwa mwilini, nimewafukuza walevi wao kwa upole, leo nina biashara! Na wazee wa Elie walituma neno kwamba kama mlango umefungwa, wao hawatabisha mara ya tatu bila kuitwa. Watarudi mara moja tu, wakiitwa, na wakifukuzwa tena kijana atatafutiwa kwingine. Furaha alikuwa haombi tena banda. Aliniambia kwa simu, "Mama, hata nyuma ya duka, hata parking. Ila Papa awepo. Bila Papa siolewi."

Basi nikavaa koti langu, nikaenda Riverside bila kualikwa. Papa Gédéon alikuwa ndio kwanza ametoka kazini, bado na jaketi ya kiwanda, anachemsha chai ya maziwa. Nilianza kufoka kabla sijavua viatu. Nilimwambia kwamba banda nimelishika mimi, kwamba kama ana hasira anitukane mimi, asimwadhibu mtoto.

"Keti," akasema. "Unywe kwanza, halafu ugombe."

Nikanywa. Alisubiri nimalize nusu kikombe.

"Mama Riziki, inchi waliniambia nitoke, nikatoka. Ng'ombe walizichukua mchana, nikiangalia. Kambini wakaniambia leo siku ya unga, kesho siku ya kuni. Wakaniambia Buffalo ni kwako, sikuichagua. Kiwandani wananitajia saa ya kuingia, saa ya kula, mpaka saa ya kwenda choo. Nilibaki na kitu kimoja. Kusimama mbele ya batu na kusema, mtoto wangu mutamuchukua siku hii. Kimoja tu, mama. Na hicho nacho mukakitaja ninyi."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Mengi yaliniishia, ila si yote, mnanijua.

"Papa," nikasema, "umewahi kumuuliza Furaha kwa nini banda?"

"Mambo ya simu."

"Ni wewe! Unapunguza mwendo barabarani, unafikiri mtoto haoni? Ameona tangu akiwa kiti cha nyuma. Alitaka umtoe pale ambapo macho yako yanaenda. Msichana amekutafutia kitu kimoja kizuri katika nchi hii nzima, na wewe umemfungia mlango mbele ya wageni kwa sababu ya mdomo wa Safari! Angalau umkasirikie Safari!"

Alizima jiko, akaosha kikombe chake, akakifuta, akakiweka mahali pake. Nikajua nimevuka mpaka, na sikujali.

"Kesho sina kazi," akasema mwishowe. "Unipeleke nikaone. Lakini siku usinitajie."

"Siku gani? Mimi nimeshika sikukuu ya familia yangu."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, hakucheka.

Tulikwenda. Bi Dolores alitufungulia milango yote miwili. Papa Gédéon hakuangalia taa wala maua. Alienda moja kwa moja kwenye nguzo za chini, akazipapasa pale mbao zilipolainika kwa shingo za ng'ombe. "Ng'ombe ziko wapi?" akauliza. Nikatafsiri. Bi Dolores akasema aliwauza mume wake alipofariki, kwamba aliwapakia mwenyewe kwenye lori, na kwamba wa mwisho alikataa kupanda. Papa Gédéon akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akasema nimuulize swali lingine. Binti wa mama huyu ameolewa? Ndiyo, hapa hapa bandani. Na siku ya harusi, nani aliitaja?

Bi Dolores alishangaa kidogo. "Yeye mwenyewe na kijana wake," akanijibu. "Mimi waliniletea kadi, kama wageni wengine."

Nilimtafsiria Papa Gédéon. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Basi mzee yule akamsogelea mama wa watu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, vile tunavyoshikana msibani, akamwambia kwa Kiswahili, "Pole sana, mama. Pole sana." Bi Dolores hakuuliza maana yake. Machozi yalimlengalenga, na mimi nikajifanya naangalia vipimo vya sakafu.

Nilipomshusha Riverside alisema tu kwamba atamtuma pasta awaite wazee wa Elie, waje wiki baada ya Pasaka. Kuhusu siku, kimya. Nami sikuweza kumuuliza. Dote ni Jumamosi, na Bi Dolores alikuwa ananitaka jibu Jumatatu inayofuata. Akitaja siku nyingine yoyote, banda limekwenda. Akikasirika tena, ndoa yote imekwenda. Nawauliza ninyi mnaonipigia simu, hapo ningefanya nini kwa hesabu ya miezi?

Walikuja. Msemaji safari hii alikuwa mzee mwingine, mwenye maneno machache. Tonton Safari alikalishwa kwenye ngazi kati ya wamama wawili waliopewa kazi ya kumwangalia. Maneno yalikwenda haraka, maana yalishasemwa. Waliomba msamaha, wakasamehewa. Furaha akaitwa, akaja kupiga magoti mbele ya baba yake, kitambaa kimemfunika uso. Msemaji akainamisha kichwa, akasema, "Papa, sisi hatujui kitu. Tunaomba siku."

Mimi nimesimama mlango wa jikoni na trei ya Fanta. Chupa zinalia.

Papa Gédéon akasimama. Alirekebisha koti. Alitazama dari, akatazama wageni, hakuwa na haraka yoyote, kila mtu anapumua kwa zamu. "Nimeomba Mungu," akasema, "nimewaza, nimeona. Mtoto wangu mutamuchukua mwezi wa tisa." Akanyamaza tena, Mungu amsamehe. "Samedi ya pili."

Vigelegele vilipasua nyumba! Wamama wakainuka, Tonton Safari akafungua mdomo, akazibwa. Papa Gédéon akanyoosha mkono, watu watulie.

"Sijamaliza. Binti wangu anapenda mambo ya banda. Bon, ni mtoto wa hapa, tumupe. Kazi hiyo ni ya Mama Riziki." Akanigeukia, na nyumba yote ikageuka naye. "Lakini mama, Wamarekani banashika mwaka muzima mbele. Na wewe, mutu wa kazi hii, mupaka leo haujatafuta hata kimoja. Sababu gani unachelewaga hivi?"

Wasichana wangu, damu ilinichemka mpaka masikioni. Banda nimelishika tangu majira ya joto! Nimetukanwa kanisa zima kwa kuwahi! Na sasa nasimamishwa mbele ya Louisville, Columbus na Buffalo, naambiwa mzembe, na mtu ambaye wiki moja nyuma nilimpeleka kwa gari langu akapapase nguzo zake! Nilimtazama. Naye alinitazama, uso mkavu kabisa, anangoja.

"Unisamehe, Papa," nikasema. "Nitajaribu kutafuta."

"Utafute," akasema, akaketi.

Furaha alikuwa bado amepiga magoti, mabega yanamtikisika chini ya kitambaa. Wageni walidhani analia kwa sababu anaondoka kwao, na shangazi mmoja akaanza kumbembeleza.

Kwa hiyo, mnaouliza: mwaka mmoja na kidogo juu, kwa jina lako mwenyewe, na domo lako ulifunge. Harusi ilifanyika bandani kwa Bi Dolores, siku aliyoitaja Papa Gédéon, na Papa Gédéon alimtoa binti yake mlangoni akitembea polepole kuliko muziki. Na mpaka leo, hapa Riverside, wapo akina mama wanaonisimamisha nje ya kanisa kunikumbusha kwamba mwaka ule nilikuwa na bahati tu, banda zuri vile kupatikana kwa miezi mitano, na kwamba nijifunze kushika mapema. Nawajibu, "Ndiyo, mama."